Maswali ya wasomaji: Kabla ofisi haijabomolewa

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, Ilala, Dar es Salaam. Tuko watumishi 18 katika ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, na wanachama wetu wengi ni wazee. Bodi imetenga fedha za ukarabati, na mchoro tulioletewa unataka kung'oa milango na meza zote za mbao, kushusha dari kwa jipsamu, kuziba madirisha ya kaskazini ili kuweka makabati, na kufunga kiyoyozi kila chumba. Wenzangu wameupenda. Mimi nahofia bili ya umeme na afya zetu. Je, hofu yangu ina msingi?
Msomaji, Ilala

JIBU: Ndugu katibu, hofu yako ina msingi, nami nakuomba uifikishe kwenye bodi kabla fundi hajashika nyundo. Kwa jinsi ulivyoueleza mchoro huo, aliyeuchora alifikiria sura ya ofisi kwanza na watu wanaoshinda humo baadaye. Chukueni wiki moja tu ya kazi muandike mnayoyaona: jua linaingia saa ngapi na upande upi, meza ipi inakimbiwa mchana kwa joto, nani analazimika kuwasha taa saa nne asubuhi, wanachama wanasubiri wamesimama kwa muda gani. Karatasi hiyo mpeni mbunifu, kisha mwambieni achore upya.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni madirisha ya kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linaloitesha ofisi ni la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri, ambalo huingia likiwa chini na ni gumu kulikinga. Jua la upande wa kaskazini huwa juu, na upenu mfupi juu ya dirisha hutosha kulizuia. Isitoshe, upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, yaani katika miezi ile ile ambayo jiji lina joto kali kuliko wakati wowote. Mkiziba madirisha hayo, mtakuwa mmeufungia nje upepo wa bure na kuanza kununua ubaridi kwa umeme. Makabati yawekwe kwenye ukuta wa magharibi, ambako yatasaidia pia kupunguza joto la alasiri. Hakikisheni tu kwamba upande wa kusini nao una mahali pa kutokea hewa, kwa sababu upepo hauingii chumba usichoweza kutoka, na kuanzia Aprili kusi itakapoanza, njia hiyo hiyo itafanya kazi kinyume.

Dari nayo iacheni ilipo. Mwanga wa mchana unaofaa kwa kazi huingia chumbani kwa umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha, kwa hiyo dari inayoshuka mpaka kuufunika ukingo huo huwatia gizani waliokaa ndani zaidi. Vilevile mtapoteza nafasi ya mapangaboi. Pangaboi zuri huufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu, na hivyo hata mnapowasha kiyoyozi mnaweza kukiweka kwenye 26 badala ya 22.

Sisemi msiwe na viyoyozi kabisa. Huenda mjumbe akawatajia jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, ambalo hupozwa bila mtambo wa kawaida wa viyoyozi. Ni kazi ninayoiheshimu sana, lakini inategemea usiku wa baridi wa nyanda za juu, ambapo hewa hupitishwa ndani ya zege ili kulipoza kabla ya asubuhi. Usiku wa Dar es Salaam ni wa joto na unyevu, na mbinu hiyo haitafanya kazi kwenu vile vile. Wekeni kiyoyozi kwenye chumba cha mikutano na chumba cha mitambo ya kompyuta, vyumba vilivyobaki vitegemee upepo na mapangaboi.

Kuhusu wanachama, somo zuri liko karibu, Mji Mkongwe wa Unguja. Baraza zile za mawe mbele ya nyumba zilijengwa ili mtu akae, azungumze na asubiri bila kuonekana mzigo. Jengeni baraza la ndani kando ya ukuta, lenye kimo cha sentimita 45 hivi, mahali penye upepo. Kaunta iwe na sehemu iliyoshushwa hadi sentimita 75 kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Na kama jengo halina lifti, tafuteni meza moja ya huduma chini, maana kaunta nzuri ya ghorofani haimsaidii mzee asiyeweza kupanda ngazi.

Milango ya mbao ipigwe msasa na kupakwa vanishi. Mkihitaji mbao mpya, ulizeni msaji wa kupandwa, kama ule wa mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, kabla ya kufikiria mninga wa msitu wa asili.

SWALI: Tumehamia ofisi mpya Mombasa. Makabati yana harufu kali na macho yanatuwasha. Itaisha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Itapungua, lakini msiipuuze. Mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa gesi iitwayo fomaldehaidi, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2004 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Joto na unyevu wa pwani huongeza utoaji huo. Fungueni madirisha kila asubuhi kabla ya kazi, acheni milango ya makabati wazi ofisi inapokuwa haina watu, na mwiteni seremala azibe kingo zote zilizo wazi, hasa za nyuma na za chini, ambazo mafundi wengi huziacha kwa kuwa hazionekani. Mwenzenu mwenye pumu ahamishiwe meza ya karibu na dirisha leo, asisubiri seremala.