Jibu: nodi 0 imejaa, nodi 1 iko tupu

Salaam kutoka Tabora, ndugu yangu wa Kigoma. Umeuliza kwa nini hifadhidata inasuasua kwenye seva ya prosesa mbili, nodi moja (yaani prosesa moja pamoja na kumbukumbu iliyo karibu nayo) imejaa na nyingine karibu tupu.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, haitoi kumbukumbu programu inapoiomba. Inatoa kila ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu) unapoguswa kwa mara ya kwanza, na kwa kawaida kwenye nodi ya prosesa iliyougusa. Ni sera nzuri, maana kumbukumbu ya nodi jirani huchelewa kufikiwa. Ila kama uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ndio unaojaza akiba yote ya kumbukumbu hifadhidata inapowaka, kila kitu kinarundikana upande mmoja, na prosesa ya pili inahangaika kuvuka kila mara.

Thibitisha kwanza kwa amri ya numastat -p na namba ya mchakato wa hifadhidata. Ikiwa ni hivyo, zima hifadhidata, kisha iwashe kupitia numactl --interleave=all; kurasa zitagawiwa kwa zamu, moja huku, moja kule. Tafadhali usikimbilie --membind, inayobana mchakato utumie kumbukumbu ya nodi uliyoitaja tu! Hiyo nodi ikijaa kerneli haikopi kwingine, na mchakato unaweza kuuawa. Hakikisha pia mpangilio wa kerneli vm.zone_reclaim_mode ni 0, ili nodi ikijaa kerneli ichukue kumbukumbu ya nodi nyingine badala ya kuhangaika kusafisha humohumo kwanza.