Afisa udahili mpya, jifunze haya kabla hujakabidhiwa simu

Nilipoanza kazi ya udahili nilifundishwa mambo matatu: kuingiza taarifa za mwombaji kwenye mfumo, kupokea simu huku natabasamu (eti wa upande wa pili analisikia tabasamu), na orodha ya kozi pamoja na ada zake. Siku ya nne nikapewa meza. Siku ya tano nilikuwa nimeshampotosha mtu bila kujijua.

Alikuwa mama wa makamo aliyetaka kuhama kazi aende kwenye afya. Swali lake lilikuwa moja: akimaliza stashahada ile, ataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni? Nikakitazama kijitabu chetu, nikaona pameandikwa "chuo kina ithibati", nikamjibu ndiyo, bila shaka. Ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba chuo kinakidhi viwango, kweli tulikuwa nayo. Ila ithibati ya chuo ni jambo moja, na baraza linalosimamia wanataaluma wa kazi hiyo kuitambua kozi fulani ni jambo jingine kabisa. Kozi ile ilikuwa haijatambuliwa. Aliligundua hilo muhula wa pili, kwa mhadhiri. Akaja mezani kwangu na daftari dogo ambamo alikuwa ameandika jina langu, tarehe, na maneno yangu vilevile nilivyoyatamka. Hakufoka. Alinisomea tu, akafunga daftari, akanitazama.

Kwa hiyo ukiulizwa na msimamizi wako unataka kufundishwa nini, anza na ithibati. Usikubali kupewa karatasi ya kukariri. Kaa na mtu wa ofisi ya taaluma mpitie kozi moja baada ya nyingine: hii imetambuliwa na nani, mpaka lini, mhitimu anaruhusiwa kufanya kazi gani, na kitu gani hataruhusiwa. Hilo la mwisho ndilo halimo kwenye kipeperushi chochote, na ndilo mwombaji makini atakalokuuliza.

Pili, pesa. Ada ya muhula kila mtu anaijua. Wanaoanza hawaijui gharama nzima. Chukua kikokotoo, chagua kozi moja, ujumlishe kuanzia fomu ya maombi hadi mahafali: usajili, mitihani, vitabu, sare, mafunzo kwa vitendo, na nauli ya kwenda huko kwenye vitendo. Ukishapata jumla, nenda kwa mhasibu akusahihishe. Atakusahihisha, usiwe na wasiwasi. Muulize pia mwanafunzi akiacha masomo wiki ya tatu anarudishiwa kiasi gani, na akiacha wiki ya kumi je. Halafu tenganisha mdomoni mwako ruzuku na mkopo. Tuna tabia mbaya ya kuyafunika yote mawili kwa neno "ufadhili", na kijana anasaini deni la miaka akidhani amepewa zawadi.

Kuhusu kuhamisha krediti (hesabu ya masomo ambayo mwanafunzi amekwisha kuyafaulu), somo ni fupi: anayeamua ni chuo kinachompokea mwanafunzi, si sisi. Usimuahidi mtu kwamba masomo yake yatakubaliwa kwingine.

Sasa jambo ambalo mabosi hawalipendi. Uliza unalipwaje. Marekani, sheria ya mwaka 1992 ilivipiga marufuku vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi kuwalipa waandikishaji kamisheni kulingana na idadi ya wanaojiunga. Baadaye, mwaka 2002, ikaruhusiwa mianya 12, na mwaka 2011 ikazibwa. Sababu haihitaji shahada kuielewa: anayelipwa kwa kila kichwa atakiona kila kichwa kinafaa. Hata kama ulipo hakuna sheria ya namna hiyo, lengo la idadi ya mwezi litakubana tarehe 28 kama kamisheni ilivyowabana wenzako. Mimi limenibana. Dawa niliyoipata ni kukubaliana na msimamizi mapema kwamba mwombaji niliyemwelekeza kozi nyingine, au chuo kingine kinachomfaa zaidi, sitahesabiwa kosa. Wa kwanza alinikatalia, wa pili akakubali.

Vyeti usivichunguze wewe kama mpelelezi. Fahamu tu nani anathibitisha na wapi, na matokeo yaombwe moja kwa moja kwa aliyeyatoa. Siri za mwanafunzi nazo zina utaratibu wake. Mzazi atapiga simu akiwa mkali, na yeye ndiye mlipaji, lakini huenda sheria yenu haikuruhusu umsomee matokeo ya mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Fanyeni mazoezi ya simu hiyo mkiwa wawili, mmoja awe mzazi mwenye hasira. Mtacheka, lakini siku ikifika hutababaika.

Kuhusu kusikiliza, semina nyingi hulipigia porojo. Omba rekodi za simu zako mwenyewe, kama kanuni zinaruhusu, kisha upime dakika ulizoongea wewe na alizoongea mwombaji. Yangu ya kwanza ilikuwa dakika kumi na moja, na yeye alipata kama mbili. Nilikuwa nimemweleza maktaba, viwanja vya michezo na mabweni mtu aliyetaka kusoma jioni akirudi kwake. Karatasi ya maneno ya kusema itakusaidia siku mbili za mwanzo, kisha iweke kando. Jizoeze sentensi hii mpaka isikutie aibu: "Hilo sina uhakika nalo, nitaliuliza na kukupigia kesho kabla ya saa sita." Halafu upige kweli.

Na leo hii, kabla ya mafunzo yoyote, fungua droo za meza uliyorithi, utoe kila kipeperushi na kijitabu, uangalie mwaka. Mimi nilikuta vya miaka mitatu nyuma, vina ada ya zamani na kozi mbili zilizokwisha kufutwa. Na aliyenitangulia alikuwa bado anavigawa.