Usiwagawe hao watoto

Mwalimu wa Moshi, umeuliza kama uwagawe fomu tuu wako magrupu ya WhatsApp kwa staili ya kufikiri, yaani wanaowaza kimya kimya huku, wanaowaza kwa kuongea kule; mi ningeacha. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba ukimfundisha mtoto kwa staili yake ndo anaelewa zaidi. Chukua somo moja, mfano kwa nini mvua Marangu, kusini-mashariki mwa Kilimanjaro, ni nyingi kuliko upande wa Rongai, kaskazini, wape wote mchoro wa upepo unavyopanda mlima, voisi fupi, halafu swali wajibu bila kuangalia daftari, na yule anayewaza kimya kimya ajibu inboksi hadi jioni, waropokaji (wapo kila darasa) wamalizane kwenye grupu. Video ndefu usitume, bando lenyewe la mzazi.