Jibu: Mwanangu kahamishiwa beisi ya kwanza

Habari ndugu. Umesema mwanao anayecheza besiboli katolewa kulinda beisi (kituo) ya tatu kapelekwa ya kwanza, na mipira anayorushiwa na wenzake ikidunda mbele yake inampita. Kabla ya glavu, angalia miguu. Mimi nilipocheza hapo nilikuwa nanyoosha mguu kuufuata mpira mapema mno. Mpira ukienda pembeni, nimeshakwama. Asubiri aone mpira unakoelekea, ndipo anyooshe, ncha ya kiatu cha nyuma ikigusa ukingo wa beisi. Unaodunda audake unapoinuka tu ardhini, glavu ikitokea chini kwenda juu. Mrushie vibaya makusudi, mipira 50 kila jioni. Na asijione kashushwa: Albert Pujols, nyota wa besiboli ya Marekani, naye alicheza beisi ya tatu mwanzoni, akaja kushinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, ya beisi ya kwanza mwaka 2006 na 2010.