Uliza Ujibiwe: Duke wa Bridgewater, migodi yake na mfereji uliovuka mto

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu aliye kidato cha tatu amesoma kwamba kabaila mmoja wa Kiingereza, Duke wa Bridgewater, alichimba mfereji kwa fedha zake mwenyewe, na bei ya makaa ya mawe mjini Manchester ikashuka kwa nusu. Mtu aliyekwisha kuwa na ardhi na migodi alisukumwa na nini kujitwisha kazi kama hiyo? Na maji ya mfereji yaliwezaje kuvuka mto? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, habari hiyo ni ya kweli. Francis Egerton alizaliwa mwaka 1736 na akarithi cheo cha Duke mwaka 1748, kabla hajatimiza miaka 12, baada ya baba yake na kisha kaka yake kufariki. Alikuwa mtoto wa kuugua mara kwa mara, na jamaa zake walimwona mzito wa akili hata wakafikiria kumnyima urithi. Alipokuwa kijana alitembezwa Ulaya pamoja na mwalimu wake, na huko kusini mwa Ufaransa akauona Mfereji wa Midi, uliofunguliwa mwaka 1681.

Mali yake huko Worsley, yapata kilomita 10 magharibi mwa Manchester, ilikuwa na makaa mengi chini ya ardhi, lakini ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza lilikuwa maji, kwa kuwa kadiri wachimbaji walivyozidi kushuka ndivyo mashimo yalivyozidi kufurika. La pili lilikuwa usafiri: makaa yalibebwa kwa magunia juu ya migongo ya farasi katika njia za matope, au yalipelekwa hadi mto Irwell, ambako kampuni iliyoshika njia ya mto ilitoza ushuru mzito. Mchimbaji aliweza kuyatoa makaa ardhini kwa gharama ndogo, na bado maskini wa Manchester wakashindwa kuyanunua.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Badala ya kuyapiga vita maji ya mgodi, waliyafanya yafanye kazi. Walitoboa handaki kuingia ndani ya mlima, maji yaliyokuwa yakiwagharikisha wachimbaji yakatiririka nje na kuujaza mfereji, na mashua zikaingia kwa handaki lilelile hadi karibu na mahali makaa yalipokatwa. Kazi moja ikatibu maradhi yote mawili. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa habari nzima, na unastahili kutajwa darasani kabla ya tarehe yoyote. Farasi aliyekuwa akibeba magunia machache mgongoni sasa, akitembea ukingoni na kuvuta kamba, aliweza kukokota zaidi ya tani 20.

Si haki, hata hivyo, kumpa Duke sifa zote peke yake. Msimamizi wa mashamba yake, John Gilbert, ana sehemu kubwa katika wazo hilo, na fundi James Brindley, mtengenezaji wa mitambo ya vinu ambaye alijua kusoma na kuandika kwa shida tu na alizoea kupiga hesabu zake kichwani, ndiye aliyeitwa kuongoza ujenzi. Bunge lilitoa ruhusa ya kwanza mwaka 1759. Mwaka uliofuata mpango ulibadilishwa: mfereji ungeuvuka mto Irwell pale Barton, juu kwa juu, bila kushuka mtoni.

Wapo walioicheka fikra hiyo. Daraja la mawe lenye matao matatu lilijengwa kiasi cha mita 12 juu ya mto, na juu yake ukalazwa mfereji wenyewe. Shida ilikuwa kuyazuia maji yasipenye katikati ya mawe, na dawa yake ilikuwa udongo wa mfinyanzi: unachanganywa na mchanga na maji, unakatwakatwa kwa sepetu na kukanyagwa hadi hewa yote itoke, kisha unalazwa tabaka juu ya tabaka sakafuni na kwenye kingo. Udongo huo ukibaki na unyevu haupitishi maji. Ukiachwa ukauke hupasuka. Tarehe 17 Julai 1761 mashua ya kwanza ilivuka, na watu wakasimama chini wakitazama chombo kikielea juu ya mto ambao nao ulikuwa na vyombo vyake.

SWALI: Je, ni kweli kwamba aliacha anasa za London kwa sababu ya mapenzi, na kwamba nusura afilisike? – Msomaji yuleyule.

JIBU: Uchumba wake na Elizabeth Gunning, mjane wa Duke wa Hamilton na mmoja wa warembo waliosifika sana wakati huo, ulivunjika, naye hakuoa maisha yake yote. Kwamba huzuni ndiyo iliyomzamisha katika kazi ni jambo linalosimuliwa sana, lakini siwezi kulifanya ndilo sababu kuu: migodi ilikuwa na shida zake, apende asipende.

Madeni yalikuwa ya kweli kabisa. Mwaka 1762 alipata ruhusa ya kuupeleka mfereji hadi Runcorn, karibu na bahari, ili Manchester iunganishwe na Liverpool. Mwaka 1765 alikopa pauni 25,000 kwa benki ya Child, akapunguza matumizi ya nyumbani mwake, na njia yote haikukamilika hadi 1776, kwa sehemu kwa sababu mwenye ardhi mmoja, Sir Richard Brooke, hakutaka ipite kwake. Alipokufa mwaka 1803 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza.

SWALI: Na wachimbaji wenyewe walifaidi nini? Daraja la Barton lipo hadi leo? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Nashukuru kwa swali hili, kwa kuwa wanaomsifu Duke huwasahau. Mifereji ya chini ya ardhi huko Worsley ilifikia kilomita 70 na zaidi, katika ngazi nne za kina, nayo ilichimbwa kwa mikono gizani. Mashua zake zilikuwa nyembamba, mbavu zake za mbao zikionekana wazi, hata watu wakazipa jina la wenye njaa. Katika migodi ya Lancashire, jimbo ambamo Worsley ilikuwamo, wanawake na watoto wadogo walifanya kazi chini ya ardhi hadi sheria ya 1842 ilipowakataza wanawake wote na wavulana walio chini ya miaka 10. Makaa ya bei nafuu yaliwafaa wakazi wa mjini. Gharama yake nyingine ilibebwa na hao.

Daraja la mawe lilibomolewa pale mfereji mkubwa wa meli za Manchester ulipochimbwa mahali pa mto. Badala yake likawekwa daraja la chuma, lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo hufungwa milango pande zote mbili na kuzungushwa likiwa na kiasi cha tani 800 za maji ndani yake ili meli ipite, nalo bado linatumika.