Usiniombe orodha ya maneno muhimu

Jumanne ya wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa msomaji. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Dada, nimeandika makala 40 kwa miezi minane. Kila nikifungua takwimu nakuta watu watatu au wanne kwa siku, na najua wengine ni ndugu zangu. Naomba unitumie ile orodha ya maneno muhimu unayotumia wewe." Anamaanisha yale maneno ambayo watu huyaandika Google wanapotafuta kitu.

Sikumjibu siku hiyo, wala kesho yake. La kusema nilikuwa nalo. Ila ujumbe huo niliwahi kuuandika mimi, karibu neno kwa neno, nikamtumia mtu niliyemwamini, na jibu alilonipa liliniponza kwa zaidi ya mwaka. Nilihitaji kutulia kwanza nisije nikammwagia mwenzangu hasira zisizomhusu.

Wengi wenu mnaijua blogu yangu ya kwanza, ile ya matatizo ya simu na kompyuta. Nilipoianza niliamini kwamba mtu akijua jambo na akalieleza vizuri, atasomwa. Nilieleza vizuri. Hakuna aliyesoma. Nikamtafuta mtaalamu, mmoja wa wale wanaojitangaza kwamba watakufikisha ukurasa wa kwanza wa Google, nikamlipa, akanitumia jedwali la maneno 200. Kila neno lilikuwa na idadi ya watu wanaolitafuta kwa mwezi, na yalipangwa kuanzia lenye idadi kubwa. Juu kabisa lilikuwepo "simu". Chini yake "Gmail". Kisha "kompyuta", "betri", "picha". Maelekezo yalikuwa mafupi: kila makala ichukue neno moja, lirudiwe mpaka lifike asilimia 3 ya maneno yote, liingie kwenye kichwa, aya ya kwanza na aya ya mwisho, na lijazwe pia kwenye ile sehemu ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa.

Nilitii kila kitu. Nilirudi kwenye makala zangu nzuri nikaziharibu kwa mikono yangu. Palipokuwa na sentensi "ikigoma, izime dakika moja kisha iwashe" nikaandika "simu yako ikigoma, zima simu kwa dakika moja kisha washa simu yako". Niliziandika hivyo makala 60 na kitu, usiku, baada ya kazi zangu za mchana. Ile sehemu iliyofichwa niliijaza kwa uaminifu kila mara, na hapa ndipo panaponichoma zaidi: Google walikuwa wameshatangaza hadharani, Septemba 2009, kwamba hawaitumii kupanga matokeo ya utafutaji. Tangazo lilikuwa la miaka mingi nyuma na mtu niliyemlipa hakulijua, au alilijua akanyamaza. Na huko kurudiarudia neno kwa lengo la kupandishwa ni jambo ambalo miongozo yao wenyewe inalikataza.

Baada ya miezi 14 nilimrudia na takwimu zangu mkononi. Aliniambia tatizo ni uandishi wangu. Nilikaa wiki sita bila kuandika hata mstari mmoja. Nawaambia haya kwa sababu najua wapo miongoni mwenu waliokaa kimya namna hiyo hivi sasa, wakidhani kipaji ndicho kilichopungua.

Leo naweza kueleza kwa utulivu kilichokuwa kibaya kwenye lile jedwali. Chukua "Gmail". Mtu anayeandika neno hilo peke yake anataka kufungua sanduku lake la barua, basi. Hata makala yangu ingekaa nafasi ya pili, angepita juu yake bila kuiona. Mwaka 2002 mtaalamu wa kompyuta Andrei Broder aliyagawa mambo yanayotafutwa mtandaoni katika makundi matatu: kuna anayetaka kufika kwenye tovuti fulani anayoijua, kuna anayetaka maelezo, na kuna anayetaka kufanya jambo, kama kununua au kupakua kitu. Mgawanyo huo bado unanisaidia kila ninapokaa kuandika. Mimi natoa maelezo. Jedwali lilinituma kusubiri wasomaji kwenye mlango wa watu wanaokwenda kwingine kabisa. Na "simu" je? Anayeandika "simu" tu huenda anataka kununua, huenda anataka picha, huenda anataka programu. Huwezi kumjibu mtu ambaye bado hajauliza swali.

Sitawachosha na miezi ya katikati. Nilijaribu hili na lile, nikasoma, nikaacha, nikarudi.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwa nimefungua Search Console, ile huduma ya bure ya Google inayokuonyesha watu waliandika nini kabla ukurasa wako haujajitokeza kwenye matokeo, ulionekana mara ngapi, ukabofywa mara ngapi, na nafasi yake ya wastani. Nilikuwa nimeiunganisha na tovuti tangu mwanzo nikaisahau. Nilikuwa na makala moja niliyojivunia, "Namna ya kurejesha nywila ya akaunti yako". Nikabofya kuona maswali yaliyoileta. Neno "nywila" halikuwepo hata mara moja. Juu kabisa walikuwa wameandika "nimesahau neno la siri". Chini yake "nimesahau neno la siri la Gmail". Kisha "kurudisha akaunti niliyosahau neno la siri". Ukurasa wangu ulikuwa nafasi ya 38 kwa swali la kwanza, umeonekana mara nyingi, haujabofywa na mtu. Nikaisoma makala yote tena. "Neno la siri" nilikuwa nimeliandika mara moja tu, karibu na mwisho, kama ufafanuzi: "nywila, yaani neno la siri".

Nililia. Watu walikuwa wakiniita miezi yote hiyo, na mimi nilikuwa ndani nikizungumza lugha ya kitabuni.

Nilibadilisha kichwa kikawa "Umesahau neno la siri la Gmail? Hivi ndivyo utakavyoirudisha akaunti yako". Nikaandika upya aya ya kwanza kana kwamba namjibu mtu aliyeniuliza ana kwa ana. Sikurudia neno lolote kwa hesabu. Baada ya wiki kadhaa ukurasa ulikuwa nafasi ya 6, na hadi leo ni miongoni mwa kurasa zangu tatu zinazosomwa zaidi. Yule aliyesema tatizo ni uandishi wangu hajui hilo. Ningependa alijue.

Tangu hapo nilianza kupitia vichwa vyangu vyote. Nilikuwa nimeandika "Sababu za betri kupungua nguvu kwa kasi", watu wanaandika "simu inaisha chaji haraka". Nilikuwa nimeandika "Joto kupita kiasi katika vifaa vya mkononi", watu wanaandika "simu inapata moto". Kiswahili sanifu hakina kosa lolote hapo, na mimi nakipenda. Lakini mtu ambaye simu yake inachoma mkono haandiki "joto kupita kiasi". Anaandika kile ambacho angemwambia aliyekaa karibu naye.

Najua kuna atakayesema Google siku hizi inaelewa maana, si lazima maneno yafanane. Ni kweli kwamba imepiga hatua: mifumo yake ya Hummingbird mwaka 2013, RankBrain 2015, BERT 2019, na yote ilikuwa juhudi za kuelewa mtafutaji anakusudia nini. Haya, tuseme injini hiyo ya utafutaji imekuelewa na imekuweka kwenye orodha. Anayebofya bado ni binadamu. Ana vichwa kumi mbele yake, na jicho lake linakwenda kwenye kile kinachosema shida yake kwa maneno yake. Kwa hiyo neno muhimu, kwa maana ninayoitumia mimi, ni swali la mtu fulani kwa kauli yake mwenyewe. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Nusu iliyobaki ni kujua kama swali hilo unaliweza. Hapa nako nilipotea, kwa hiyo sikilizeni. Google wana chombo kinachoitwa Keyword Planner, na kina safu ya ushindani: mkubwa, wa kati, mdogo. Niliiamini safu hiyo karibu mwaka mzima. Nikiona "mdogo" nashangilia, naandika, nazama ukurasa wa tano. Chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Ushindani kinaoupima ni wa wanaogombea kuweka tangazo kwenye neno hilo. Hakisemi chochote kuhusu ugumu wa kupanda kwenye matokeo ya kawaida. Neno linaweza kukosa watangazaji kabisa huku ukurasa wa kwanza umejaa tovuti kubwa zenye sifa ya miaka mingi. Hata idadi ya utafutaji, kama hulipii matangazo, kwa kawaida unapewa kwa makadirio mapana tu, mathalani kati ya 100 na 1,000. Hiyo ni tofauti ya mara kumi!

Sasa ninachofanya ni kuliandika swali lenyewe kwenye Google na kusoma ukurasa wa kwanza wote, kwa subira, kuanzia juu mpaka chini. Nani yupo? Wamejibu swali hili hasa au wameligusa kwa mbali? Nikikuta majukwaa ya watu wanaoulizana bila kupata jibu kamili, au makala ya zamani inayoeleza vitufe ambavyo siku hizi havipo, najua pana nafasi. Nikikuta kurasa rasmi za kampuni iliyotengeneza kitu chenyewe, na zimejibu vizuri, naacha, au natafuta swali dogo zaidi ndani yake. Kabla sijafunga natazama maswali yanayojitokeza ninapoanza kuandika na yale yaliyowekwa chini ya ukurasa. Hayo yametokana na utafutaji wa watu, na hayagharimu chochote.

Msiogope maswali marefu, hata chombo kikionyesha sifuri. Niliwahi kuandika kuhusu "simu inaonyesha inachaji lakini asilimia haziongezeki". Kila chombo nilichokijaribu hakikuwa na takwimu zozote za swali hilo. Mimi nililiandika kwa sababu watu wawili walikuwa wameniuliza ndani ya mwezi mmoja, kwa maneno hayohayo. Leo ni makala yangu ya pili kwa kusomwa, na inanikabidhi wasomaji wanaobaki hadi mwisho, kwa kuwa walikuja na shida halisi. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya wanayoulizwa kila siku ni maswali ambayo hawajawahi kuyaona kabla. Basi niambieni, orodha gani itayabeba?

Jambo jingine kwa ufupi: swali moja, ukurasa mmoja. Nilikuwa na makala tatu kuhusu chaji kuisha haraka, zikawa zinapokezana kwenye matokeo na hakuna iliyopanda. Niliziunganisha, anuani za zamani nikazielekeza kwa ile mpya, ikapanda.

Na sasa nizungumze na ninyi mnaonunua majedwali na kuyagawa kwenye makundi usiku kucha. Msomaji wenu ni mtu mwenye shida. Hajui habari ya asilimia 3. Hajui kama mmechagua neno lenye watu wengi. Amekwama mahali fulani, ameshika simu, anaandika haraka na pengine anakosea herufi, na anataka mtu amjibu. Mkimheshimu mtasikiliza anavyosema. Msione aibu kuandika "simu inapata moto" kwa kuwa mwalimu wenu angeipigia mstari mwekundu. Mkiwa na mashaka, nendeni mkasome maoni ya wasomaji wenu wenyewe, mkasome ujumbe wanaowatumia, muangalie wameandika nini. Sikilizeni kwanza, ndipo muandike.

Alhamisi nilimjibu yule msomaji. Nilimwambia sina orodha, nikamwomba anitumie maswali ya miezi 16 kutoka Search Console yake, kwa kuwa ndiyo muda ambao huduma hiyo inahifadhi, ingawa yake ni minane tu. Alishangaa kwamba ina kitu. Blogu yake inahusu malezi, na ameipa makala moja kichwa "Changamoto za usingizi kwa watoto wachanga". Mstari wa tisa kwenye faili lake unasema "mtoto halali usiku analia tu". Umeonekana mara nyingi kuliko maswali mengine yote ya ukurasa huo, nafasi ya wastani 23, waliobofya sifuri.

Mdogo wangu, anza na mstari huo wa tisa. Fungua makala, badilisha kichwa, na aya ya kwanza uiandike kwa ajili ya huyo mzazi aliyekesha. Mengine yote kwenye faili yaache kwanza. Ukimaliza nitumie niisome kabla hujaichapisha.