Bangi ni bangi? Dawa ya mtoto mwenye kifafa

SWALI: Sheikh, naishi Uingereza. Binti yangu wa miaka sita ana kifafa cha Dravet. Dawa zimeshindwa, sasa daktari amempa kanabidioli inayotolewa kwenye mmea wa bangi. Shemeji ananiambia niitupe, bangi ni bangi, na hadithi imeharamisha kila kilevi. Nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, umeniandikia kuwa chupa umeificha nyuma ya kopo la sukari, na mtoto unampa dawa mlango umefunga, kama mwizi. Limeniuma hilo. Itoe hapo, umpe mwanao dawa yake.

Shemeji yako hadithi ameipatia. "Kila kilevi ni haramu," amesema Mtume (s.a.w.). Lakini hukumu imefungwa kwenye kulevya, haikufungwa kwenye mti. Mnazi mmoja unatupa dafu, tui na tembo, ile pombe ya mnazi. Ni nani aliyewahi kuharamisha tui kwa ajili ya tembo?

Na bangi hivyo hivyo. Ulevi wake umo kwenye utomvu wa vinyweleo vya maua ya mmea jike, nao ni kazi ya kemikali iitwayo THC. Kanabidioli ni jirani yake: zote mbili zina kaboni 21, haidrojeni 30 na oksijeni 2, ila zimeungana kwa namna mbalimbali, na kanabidioli hailevyi. Tena THC yenyewe, kwenye jani bichi, karibu yote ni asidi isiyolevya mpaka ipate moto. Mvutaji analijua hilo kuliko shemeji! Kuna na hempu, mmea huo huo unaolimwa kwa nyuzi na mbegu. Sheria ya Marekani ya 2018 iliiwekea kikomo cha THC asilimia 0.3. Kamba yake nayo tuichome?

Vijana wa vijiweni wasinidake nusu maneno. Daktari hakumwandikia mtoto msokoto.

Shemeji angetaka kuuliza la maana, angeuliza spiriti, yaani pombe iliyomo kwenye dawa. Dawa hii kwa kawaida huwa na mafuta ya ufuta, ladha ya stroberi, na spiriti kidogo ya kuyeyushia. Hapo nilikaa nikafikiri. Lakini iliyokwisha kuchanganyika ndani ya dawa, kwa mgonjwa ambaye tabibu mweledi hamwoni mbadala wake, wanazuoni wetu wa Kishafii wameiruhusu.

Mafuta ya kanabidioli ya madukani usinunue hata kwa bei ya bure. Lebo husema hivi na chupa ina vingine. Dawa zake za zamani usizikatize bila daktari. Ikiwa mojawapo ni valproeti, vipimo vya ini visikupite. Na atasinzia sana siku za mwanzo. Shemeji atasema amelewa. Mwambie ni usingizi, kisha mkaribishe alale kwenu usiku mmoja, akushikie saa mtoto anaposhikwa.